Tuwafundishe Kujibu, Tusiwaandikie Majibu

Jumamosi moja mwaka huu, katika darasa dogo la Kiingereza cha kuzungumza ambalo baadhi yetu tunalisaidia hapa mjini, tulimwuliza baba mmoja kwa Kiingereza swali jepesi kabisa: unafanya kazi gani? Akavuta pumzi, akaanza na Uvira. Kutoka Uvira akavuka ziwa hadi Kigoma, akakaa Nyarugusu miaka kadhaa, akapanda lori, akafika Malawi, akaibiwa mkoba Msumbiji. Dakika nne zikapita na alikuwa bado hajauona mpaka wa Afrika Kusini. Tulipomwuliza swali lile lile kwa Kiswahili, alitutazama kama mtu anavyowatazama watoto wazito wa kuelewa. "Si nimeshasema, wanangu? Nalinda magari kule ufukweni."

Hakuwa amesema. Alikuwa njiani kusema.

Tulicheka, naye akacheka. Lakini kwenye teksi ya kurudi hosteli hakuna aliyecheka, kwa sababu sote tulijua kwamba baba huyu alikuwa akijiandaa kwa mahojiano ya hifadhi, na huko hakuna anayempa mtu dakika nne za kufika Malawi. Makala hii imetokana na mazungumzo ya kwenye teksi ile. Tunaiandika kwa wanachama wenzetu na kwa walimu wetu, tukijua kwamba baadhi yenu hamtakubaliana nasi.

Msimamo wetu ni huu. Madarasa ya Kiingereza wanayopewa watu wetu, ya kanisani, ya msikitini, ya vituo vya wakimbizi, na hata letu wenyewe, yanatumia muda mwingi mno kwenye sarufi na msamiati, na muda mchache mno kwenye kujibu swali. Baada ya miezi mitatu mtu ana maneno ya kutosha kuelezea kazi yake, ugonjwa wake na sababu za kuondoka kwao. Kinachomwangusha ni mpangilio: kipi kianze, kipi kifuate, wapi anyamaze. Na mpangilio huo unafundishika. Tunaamini zaidi kwamba unafundishika vizuri ukianza kwa Kiswahili, na hapo ndipo klabu hii inapoingia.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba Kiswahili hakina mpangilio. Kina mpangilio mkali kuliko watu wanavyodhani, ila ni wa aina nyingine. Mtu akija nyumbani kwenu hasemi shida yake mlangoni. Anabisha hodi, anakaribishwa, anauliza habari za hapa, za watoto, za kazi, za siku nyingi, anapewa chai, na jambo lililomleta linatoka chai ikiwa nusu. Mwenye kubeba habari ya msiba anazunguka kabisa. Kuisema moja kwa moja ni ukatili. Majirani zetu Wazulu hawako mbali na hili, na yeyote aliyewahi kuingia dukani Durban akataja bidhaa kabla ya kusalimu anajua uso anaotazamwa nao. Kwa hiyo yule baba wa Uvira alikuwa akijibu kwa adabu. Alikuwa akitukaribisha ndani ya jibu lake, chumba kwa chumba.

Anayehoji kwa Kiingereza, hasa ofisini, anataka kitu kimoja. Anauliza kama mtu anayefungua droo: kama kitu kimo, akitoe, kama hakimo, afunge. Ana fomu mbele yake yenye nafasi ya mistari michache. Maneno yanayokuja kabla ya jibu anayasikia kama kukwepa, na baada ya dakika moja ameshaacha kuandika. Jibu lenyewe likifika dakika ya nne linakuta kalamu imewekwa mezani.

Ni wapi jambo hili linauma? Kila mahali. Kliniki, ambako nesi ana foleni hadi nje. Kwenye mahojiano ya kazi, ambako waajiri wengi siku hizi wanataka usimulie tukio moja kwa hatua nne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, matokeo yakawa yapi. Kwenye mtihani wa IELTS, ambao wauguzi na wanafunzi wengi kutoka kwetu wanaufanya ili waende Uingereza au Australia. Sehemu yake ya kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14, na katika sehemu ya pili mtahiniwa hupewa dakika moja tu ya kujiandaa kisha azungumze dakika moja hadi mbili. Alama zake ni za vigezo vinne vyenye uzito sawa, na kimojawapo ni ufasaha pamoja na mshikamano wa mazungumzo. Yaani robo ya alama inatazama, pamoja na mengine, kama maneno yako yanafuatana. Hao tutawaacha, kwa kuwa wanaoweza kulipia IELTS wanaweza pia kulipia mwalimu.

Tunaowafikiria ni wanaohojiwa kuhusu maisha yao. Sheria ya Wakimbizi ya Afrika Kusini, Namba 130 ya mwaka 1998, inampa kila anayeomba hifadhi haki ya kusikilizwa na ofisa anayeamua kama ni mkimbizi au si mkimbizi. Kanuni zinatambua kwamba huenda akahitaji mkalimani. Lakini mkalimani anaweza kuwa yeyote: aliyekuzwa Dar es Salaam akimtafsiria mtu wa Kalemie, au aliyezoea Kifaransa, au hayupo kabisa siku hiyo, na mtu akaamua kujaribu kwa Kiingereza chake cha kuegesha magari kuliko kurudi tena baada ya miezi. Ofisa huandika, faili hufungwa, na anayekuja kulisoma miaka mitatu baadaye kwenye rufaa husoma kilichoandikwa. Kilichokusudiwa hakimo.

Hapa inabidi tuingie ndani kidogo, kwa sababu ndipo tulipojifunza zaidi. Mpangilio mbaya ni tatizo moja. Tatizo la pili ni maneno madogo ya Kiswahili yanayovuka kwenda Kiingereza yakabadilika njiani bila mtu kuona.

Chukua "ndiyo". Mwulize Mswahili, "Hukwenda polisi?" Kama hakwenda, atajibu "Ndiyo", maana yake ndiyo, ulivyosema ni kweli, sikwenda. Mwulize swali hilo kwa Kiingereza, atajibu "yes". Ofisa ataandika kwamba alikwenda polisi. Dakika kumi baadaye mtu huyo huyo anaeleza kwamba aliogopa polisi, na sasa kuna maneno mawili yanayopingana kwenye ukurasa mmoja. Tulipolijaribu hili darasani, watu tisa kati ya kumi na mmoja walijibu hivyo hivyo. Na sisi wenyewe, tuliozaliwa au kulelewa hapa, wawili kati yetu waliteleza.

Chukua "yeye". Lugha yetu haijali kama ni mwanamke au mwanamume, nayo inaishi vizuri tu. Kwa Kiingereza lazima uchague, na aliyechoka huchagua ovyo. Mama mmoja alitusimulia habari za dada yake, na katika sentensi sita dada akawa mwanamume mara mbili. Sisi tulielewa. Mgeni angehesabu watu wawili.

Chukua saa. Wanamgambo waligonga mlango saa mbili usiku. Msimuliaji anasema kwa Kiingereza "saa mbili", ofisa anaandika usiku wa manane, kisha anauliza kwa mshangao: saa hizo watoto walikuwa wanakula chakula cha jioni? Ndiyo, walikuwa wanakula, kwa sababu ilikuwa saa mbili yetu, ambayo kwao ni nane. Siku nazo ni balaa. Pwani na Tanzania, Jumamosi kwa jina lake ni siku ya kwanza. Kwa wengi wa Kivu siku ya kwanza ni Jumatatu, na Jumamosi ni siku ya posho. Mkalimani wa Mombasa na mwombaji wa Bukavu wanaweza kuzungumza kwa upendo mkubwa na kupishana kwa siku mbili.

Chukua ndugu. Mtoto wa baba mkubwa ni kaka yangu, na sina haja ya kueleza zaidi. Kwenye fomu uliandika kaka watatu. Kwenye mahojiano unataja wa nne aliyeuawa. Ofisa anauliza huyu ametoka wapi. Mama mdogo ni mama. Shemeji wa jirani ni shemeji. Na mkono unaanzia begani mpaka vidoleni, kwa hiyo anayesema kwa Kiingereza alipigwa risasi ya kiganja halafu anaonyesha kovu karibu na bega hasemi uongo. Anatafsiri neno moja kwa neno moja, kama kamusi ilivyomwambia.

Hakuna mwalimu wa kawaida wa Kiingereza atakayeyaona mambo haya, hata awe hodari vipi, kwa sababu anaona upande mmoja tu wa ukuta. Anayejua Kiswahili anaona pande zote mbili. Ndiyo maana tunasema kazi hii ni ya klabu ya Kiswahili, na tunawaomba msamaha walimu wetu wanaotuuliza kwa nini fedha za klabu zinunue kalamu za darasa la Kiingereza.

Sasa tukiri jambo ambalo hatujawahi kuliandika.

Wengi wetu tulikuwa wakalimani kabla ya kuota meno ya ukubwani. Miaka minane, tisa, kumi. Kliniki, benki, shuleni kwa mwalimu mkuu, kwa mwenye nyumba. Mama anazungumza kwa dakika mbili, mtu wa upande wa pili anatutazama, nasi tunasema maneno matano kwa Kiingereza. Tulifupisha. Tulifupisha kwa sababu tuliona aibu, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, kwa sababu hatukujua neno la Kiingereza la kizunguzungu kinachoanzia kisogoni. Mmoja wetu anakumbuka mama yake akimweleza daktari kwamba hapati usingizi tangu walipotoka Fizi, na kwamba akilala husikia mlango; mtoto akatafsiri: anaumwa kichwa. Akapewa panado. Mwenzetu huyu ana miaka ishirini sasa na bado hajamwambia mama yake alichokisema siku ile.

Basi tunapomfundisha mtu mzima kusema jibu lake mwenyewe, kwa kinywa chake, hatufanyi hisani. Kuna deni hapo.

Tunafanyaje? Hatuna kitabu. Tulianza kwa kukosea, kwa kuwapa watu sentensi za mfano wazikariri, na tutasema baadaye kwa nini tuliacha. Siku hizi swali la kwanza linaulizwa kwa Kiswahili na linajibiwa kwa Kiswahili, kwa sharti moja: jibu litoke kabla ya pumzi ya pili. Unakaa wapi? Umbilo. Uliondoka mwaka gani? Elfu mbili na kumi na mbili. Kwa nini? Hapo ndipo watu wazima wanapoanza kutoa jasho. Kusema sababu ya kukimbia kwako kwa sentensi moja, kwa lugha uliyonyonya nayo, ni kazi nzito kuliko sarufi yoyote ya Kiingereza. Wengine hulia. Tumejifunza kuweka maji mezani na kutolazimisha.

Baada ya sentensi hiyo moja ndipo yanakuja ya kuishikilia: lini, wapi, nani alikuwepo. Kila moja kidole chake. Vidole vikiisha, nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, kwani kimya cha ofisini kinatisha na mtu hutaka kukijaza, na anapokijaza ndipo anaposema asichokusudia.

Kwa mfuatano wa matukio tunatumia kamba ya kuanikia na vibanio vya nguo. Kila tukio linaandikwa au kuchorwa kwenye kipande cha karatasi na kubanwa kwenye kamba: harusi, mtoto wa kwanza, vita, kambi, mtoto wa pili, Durban. Asiyekumbuka mwezi hatumpi mwezi. Anajifunza kusema kwa Kiingereza, "Sikumbuki tarehe, lakini mahindi yalikuwa yamevunwa na mwanangu alikuwa ameanza kutembea." Hilo ni jibu kamili, na lina ukweli mwingi kuliko tarehe ya kubuni. Kamba hiyo imetufundisha sisi pia. Kuna mwenzetu aliyeona kwa mara ya kwanza kwamba yeye ni kibanio cha kati ya Dzaleka na Musina.

Halafu kuna sentensi za kujilinda, ambazo tunazirudia kila wiki hadi zichoshe: sijaelewa swali, tafadhali uliza tena polepole, sikusema hivyo, naomba nianze upya, kwa Kiswahili neno hili lina maana mbili. Watu wetu wengi wanaona aibu kumwambia mkubwa "sijaelewa". Wanaitikia kwa kichwa, na kuitikia kwa kichwa kunaandikwa kama ndiyo.

Tufike kwenye ubishi, maana upo, na upo ndani ya kundi letu wenyewe. Wapo wanaosema kwamba kumfundisha mtu namna ya kujibu mahojiano ya hifadhi kunakaribia mno kumpikia hadithi. Hoja hii hatuidharau. Wote tunajua kwamba mjini wapo watu wanaouza hadithi kwa wasiojua waseme nini, na hadithi zinazouzwa zinafanana kama sare za shule. Ofisa aliyeisikia hadithi ile ile mara ishirini haamini hata ya ishirini na moja, ambayo ni ya kweli.

Tena sisi wenyewe tuliwahi kukaribia huko. Wakati bado tunatoa sentensi za kukariri, mama mmoja alijiandaa nasi wiki tano. Aliijua aya yake barabara, kuliko tulivyoijua sisi tulioiandika. Alipoulizwa swali kwa mpangilio tofauti na ule tuliouzoea, aliisema aya yote tangu mwanzo. Akaulizwa lingine, akaisema tena. Alituambia baadaye, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba maneno yalikuwa mazuri lakini hayakuwa ya kwake, kwa hiyo hakujua mlango wa kuingilia. Alikataliwa. Hatujui kama aya yetu ndiyo iliyomponza. Faili la mtu lina mambo mengi. Lakini tulizichana zile karatasi.

Kwa hiyo mstari tunaouchora uko hapa: hatugusi kilichomo ndani ya jibu, tunagusa mpangilio wake tu. Hatumwambii mtu aongeze wala apunguze tukio. Hatuandiki chochote ambacho yeye hajakisema kwanza kwa Kiswahili. Akikosea mwaka, tunamwuliza, hatumsahihishi. Mwenye kuona kwamba hata hivyo tumevuka mpaka, aje aketi nasi siku moja kisha tubishane akiwa ameona.

Ubishi wa pili unatoka kwa mwalimu mmoja tunayemheshimu, naye anasema tunaubebesha mzigo upande dhaifu. Kwa nini mkimbizi ajifunze kupanga jibu kwa mtindo wa ofisi, badala ya ofisi kujifunza kusikiliza? Tunakubaliana naye kabisa. Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu Agosti 2019 na Afrika Kusini ni mwanachama. Serikali hii hii ilitangaza mwaka 2018 kwamba Kiswahili kitaruhusiwa kuwa somo la hiari shuleni kuanzia 2020. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kimewataka wanafunzi wake wajifunze isiZulu tangu 2014, kwa imani kwamba anayehudumia watu aijue lugha yao. Imani hiyo ikifika kwenye vyumba vya mahojiano, tutafunga darasa letu na kwenda ufukweni. Lakini mahojiano ya yule baba ni mwezi ujao.

Na mji huu una kumbukumbu ya jibu lililoandikwa kwa mkato. Kuanzia mwaka 1873 Waingereza walileta Durban watu waliokuwa wameokolewa kwenye majahazi ya watumwa, wakiletwa kutoka Zanzibar. Wengi wao walikuwa Wamakua, asili yao kaskazini ya Msumbiji. Wakaitwa Wazanzibari. Jina likakaa. Walijenga maisha yao King's Rest kule Bluff, na miaka ya sitini serikali ya ubaguzi, ikiwa imewatia kwenye kundi la Waasia, ikawahamishia Chatsworth, ambako wajukuu wao wako hadi leo. Ukiwauliza wao ni nani, wanahitaji zaidi ya sentensi moja, na wana haki nayo.

Turudi kwetu, tumalize. Kuna kinachotuchekesha, na walimu wetu wa Kiswahili watakuwa wameshakitambua. Kwenye mtihani wa mazungumzo wa muhula uliopita, karibu sote tuliandikiwa maoni yale yale: "Jibu swali kwanza." Kiswahili chetu ni cha jikoni, cha simu za shangazi, cha kuitwa na kutumwa. Hatukuwahi kuachiwa zamu ndefu ya kuzungumza bila kukatizwa na mkubwa. Tukiulizwa maoni tunazunguka, tunachanganya, tunamalizia na "yaani, unajua". Tumeanza kuketi kwenye kamba ya vibanio sisi pia, na wale akina mama ndio wanaotuhoji. Hawana huruma hata chembe.

Tunaomba mambo mawili kwa kamati ya klabu. Kwanza, saa mbili za chumba cha semina kila Jumamosi, kwani ukumbi tunaotumia unavuja. Pili, wanachama sita zaidi, hasa wanaojua Kiswahili cha Lubumbashi na cha Bujumbura, maana huko tunapwaya. Si lazima uwe unasomea ualimu. Uwe tu na subira ya kumsikiliza mtu hadi mwisho kwa Kiswahili, kisha umwulize kwa upole: kati ya yote hayo, lipi ndilo jibu?

Yule baba wa Uvira alikuja tena wiki iliyopita. Tulimwuliza anafanya kazi gani. "Nalinda magari," alisema kwa Kiingereza, akanyanyua kidole cha kwanza, "ufukweni," cha pili, "tangu 2016," cha tatu. Akanyamaza. Akatutazama tukiandika. Kisha akauliza kwa Kiswahili kama sasa anaruhusiwa kumalizia ile habari ya mkoba wa Msumbiji, kwa sababu mara ya kwanza tulimkatiza. Tukaweka kalamu chini, akaanza.